Bili imepanda ghafla na notisi ya kukatiwa maji imefika

SWALI: Ndugu Mhariri, bili yetu ya maji mwezi uliopita imekuja mara tatu ya kawaida, ilhali hatukuongeza matumizi yoyote. Kabla sijapata maelezo, nimeletewa notisi kwamba huduma itakatwa baada ya siku 7. Nyumbani tuko watu watano, akiwemo mama yangu ambaye ni mgonjwa. Je, nilipe kwanza ndipo nilalamike, au nisilipe hata kidogo mpaka kosa lirekebishwe?

JIBU: Kabla ya kuchagua lolote kati ya hayo, nenda ukaitazame mita. Linganisha namba unayoiona na ile iliyoandikwa kwenye bili, kisha angalia kama usomaji huo, au ule wa miezi iliyotangulia, ulikuwa wa makadirio. Msoma mita asipoifikia mita, matumizi hukadiriwa; na makadirio yakiwa ya chini kwa miezi kadhaa, siku mita itakaposomwa maji yote yaliyosahauliwa hurundikwa katika bili moja. Jumla inaweza kuwa sahihi na bili bado ikakuonea, kwa sababu mahali ambapo bei hupanda kadiri uniti zinavyoongezeka, mrundikano huo hukusukuma kwenye daraja la bei ya juu. Omba uniti hizo zigawanywe katika miezi zilimotumika. Ni ombi ambalo wateja wengi hawalifikirii.

Namba zikiwiana, tafuta mvujo. Funga bomba zote usiku, andika namba ya mita, na uitazame tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Ikiwa imesogea, kuna mahali yanapotoroka. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, lakini mimi hushuku choo kwanza, kwa kuwa chenyewe huvuja bila kelele. Tia rangi ya chakula katika tangi lake na usivute maji kwa nusu saa: rangi ikionekana bakulini, mwite fundi.

Wakati huohuo usiache siku 7 zipite kimya. Lipa kiasi usichokibishania, yaani kile cha mwezi wa kawaida, na utunze risiti. Kisha andika barua ukieleza kiasi unachokipinga, namba uliyoisoma na tarehe, na uombe ukataji usimamishwe hadi malalamiko yaamuliwe. Ikibainika kwamba deni ni lako, omba kulipa kwa awamu, na utaje kiasi unachoweza kukitoa kweli, kwa sababu makubaliano yakivunjwa ni vigumu kupewa mengine. Ambatisha barua ya daktari kuhusu mama. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni ilieleza mwaka 2002 kwamba anayekatiwa maji kwa kushindwa kulipa lazima uwezo wake uzingatiwe, na kwamba asinyimwe kabisa kiwango cha chini kinachohitajika. Maelezo hayo hayafuti deni, ila yanaipa barua yako uzito, hasa ukilazimika kuipeleka kwa mamlaka inayosimamia huduma hizo.

SWALI: Tunazima taa kila tunapotoka chumbani, lakini uniti za umeme zinaisha upesi vilevile. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnabana mahali padogo. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutumia karibu uniti 4.7, kiasi ambacho kingewasha balbu ya wati 10 kwa zaidi ya saa 450. Anzeni na hita: izimwe isipohitajika, na kuoga kuwe kwa muda mfupi. Ikiwa ni hita ya tangi, msishushe joto lake chini ya nyuzi 60 ili kuokoa zaidi, kwa kuwa maji ya vuguvugu yaliyotuama huzalisha bakteria wanaoshambulia mapafu.