Kaa na Kutoka 34:6

Ndugu yangu, umeuliza utamkaribiaje Mungu ilhali unasoma sura tatu za Biblia kila siku na moyo unabaki mkavu. Ningekushauri upunguze sura, ukae na Kutoka 34:6, mahali ambapo Mungu mwenyewe, akipita mbele ya Musa, anajitaja kuwa mwingi wa huruma na si mwepesi wa hasira. Kisha yafuatilie maneno hayo katika Zaburi 103:8, na hasa katika Yona 4:2, ambapo nabii anayatamka kwa uchungu, kwa kuwa huruma hiyo imewafikia watu wa Ninawi, ambao hakutaka wasamehewe. Hapo ndipo nilipoguswa, maana nami nilikuwa na mtu niliyemwombea adhabu, na jioni ile nilishindwa kuendelea na sala hiyo.