Wadogo zangu mnaokwenda elektivu India, kaeni hapa kwanza

Wiki hii vijana watatu wa mwaka wa nne wa udaktari wameniletea barua zao za kuomba elektivu (mafunzo ya wiki chache ya kujichagulia) ya afya ya jamii nje ya nchi, niwapitishie macho. Zote tatu zina sentensi moja, utadhani walikaa meza moja: "Natarajia kuona kesi nyingi." Kesi nyingi za nini, jamani? Na juzi tu mwenzao aliyerudi kaweka statasi: mtoto wa watu ananing'inia kwenye mizani ya kliniki, kaptula ya mizani imempanda hadi kwapani, analia. Pembeni yupo yeye, stethoskopu shingoni, meno yote nje. Sisi ndio wa kwanza kuwasema Wazungu wanaoingia wodini kwetu na kamera. Tukivuka bahari tu, na sisi tunakuwa wao.

Mimi nilikwenda Tamil Nadu, India Kusini, wiki nane, kwenye hospitali yenye kazi kubwa vijijini. Jina lake naliacha, mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.

1. Makaratasi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, kwa sababu cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano (ichomwe kweli, sisemi kadi ya kununua). Homa ya ini B ni dozi tatu ndani ya miezi sita, hesabu mwenyewe. Usivae koti jeupe kwa visa ya utalii. Na ukishuka Mumbai, kata tiketi ya treni yenye namba ya kiti. Mimi nilibana hela ya bumu nikapanda behewa la watu wote hadi Chennai, zaidi ya saa 20 juu ya begi langu, jirani na choo.

2. Soma mfumo wao kabla hujafika. Kituo kidogo cha afya kinahesabiwa watu 5,000, kituo cha msingi watu 30,000, milimani pungufu ya hapo. Kuna anganwadi, vituo vya watoto na lishe vilivyoanza 1975. Kuna ASHA, wahudumu wa jamii walioletwa na mpango wa afya vijijini wa 2005, wanaolipwa hasa kulingana na kazi waliyofanya. Na kwa Tamil Nadu kuna nesi wa kijiji. Huyu ndiye profesa wako, hata kama hakuna atakayekwambia.

Wangu alikuwa mama mfupi wa sari ya kazini na begi la dawa begani, anatembea utadhani anadaiwa. Asubuhi wanawake wa kule huchora kolam mlangoni, michoro ya unga wa mchele, nukta na mistari inayozungukana. Siku ya kwanza nilikanyaga mitatu kabla hajanivuta mkono. Siku ya nne tulipita nyumba kama kumi bila kusimama. Ya kumi na moja akasimama. Mlangoni kumefagiwa nusu, hakuna unga. "Hapa kuna jambo," akasema, akavua ndala. Ndani alikuwepo binti aliyerudi kwao kujifungua, siku ya tano, joto 39, na mama yake amekesha naye usiku kucha, hakupata hata nafasi ya kuchora. Tulimpandisha gari la wagonjwa saa ileile. Dodoso langu la kurasa sita lilikuwa na swali la aina ya paa. La mlangoni halikuwemo.

3. Lugha. Jifunze maneno thelathini: homa, kikohozi, maumivu, maji, umekula? Yatakufungulia milango mingi. Hayohayo ndiyo yaliyonitia mimi shimoni, na hapa naomba mkae vizuri, kwa sababu sijawahi kuyasimulia haya nikiwa sina kikombe cha chai cha kujifichia.

Wiki ya tano nilipangiwa chumba cha ultrasaundi. Ukutani kulikuwa na tangazo kubwa kwa Kitamil na Kiingereza: kutaja jinsia ya mtoto aliye tumboni ni marufuku kisheria. Nililisoma siku ya kwanza kama tunavyosoma "Rushwa ni adui wa haki" kwenye kuta zetu. Macho yalipita, kichwa kikabaki nje.

Akaingia mama wa wiki ya 24, mimba ya tatu. Mabinti wawili wamebaki kwenye benchi nje na mama mkwe. Madam, daktari wangu, anapima fupa la paja la mtoto, mimi nimesimama upande wa kichwa cha mama. Mama akanishika kifundo cha mkono. Akasema sentensi ndefu, taratibu, macho yake yamekaza kwangu. Sikuelewa kitu ila neno moja la mwisho: *paiyan*? Mvulana? Hilo nalijua! Kanifundisha muuza chai. Nikatupa jicho kwenye skrini, nikaona kitu katikati ya miguu, na kile kichwa changu cha Dar, cha "mama, anza kununua nguo za kiume", kikajibu kabla yangu. Nikatikisa kichwa, nikacheka, nikasema kwa sauti ya mwanafunzi aliyepata jibu: "Paiyan!"

Mkono wa Madam ukasimama. Akairudisha proba, kile kifaa cha kupitisha tumboni, mahali pake. Akachukua kitambaa, akaanza kumfuta mama jeli tumboni, polepole, kuanzia kitovuni kwenda pembeni, akakikunja, akafuta tena. Hakunitazama. "Nenda nje," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo, ndiyo maana hadi leo naisikia.

Jioni aliniita ofisini. Akanionyesha fomu ambayo hujazwa kwa kila mjamzito anayepimwa. Upande mmoja mama anasaini, au anaweka dole gumba, kwamba hataki kujua jinsia. Upande mwingine daktari anasaini kwamba hakumwambia. Mimi, mgeni wa wiki tano, nimezifanya saini zote mbili ziwe za uongo. Sheria ni ya 1994. Kosa la kwanza ni hadi miaka mitatu jela na faini hadi rupia 10,000, na jina la daktari linapelekwa baraza la madaktari la jimbo. Jina la daktari, si la mwanafunzi aliyefundishwa Kitamil na muuza chai.

Akanieleza na sababu. Mimba zilizotolewa kwa sababu tu mtoto ni msichana. Mpango wa serikali ya jimbo hilohilo, wa 1992, wa kuweka vitanda vya watoto ili familia isiyomtaka binti imwache mzima, isimuue. Sensa ya India nzima ya 2001, wasichana 927 kwa wavulana 1,000 chini ya miaka saba. Niliyajua haya kwa kuyakariri. Nilishayajibia hata swali la mtihani.

Halafu akauliza: "Ulikuwa na uhakika?"

Wadogo zangu, ultrasaundi yangu yote kabla ya siku ile ilikuwa wiki mbili za rotesheni (zamu ya mafunzo), nimesimama nyuma ya watu wanane. Nilichoona kinaweza kuwa kilivyokuwa. Kinaweza pia kuwa kiunga mwana kimepita katikati ya miguu. Kama ni hivyo, basi kuna nyumba inayomsubiri mvulana kwa neno langu, na atakayetoka ni binti wa tatu. Nilimjibu, "Hapana, Madam." Akaandika kitu kwenye daftari lake. Kuanzia wiki ile nesi wa kijiji, mwenye nyumba mamia za kupitia, aliongezewa moja ya kuingia kila wiki mpaka mama ajifungue. Hakunilalamikia. Alinisogezea begi la dawa nilibebe mimi, nikalibeba hadi siku ya kuondoka.

Kwa hiyo: kabla ya kuingia chumba chochote, muulize aliyepo ni kitu gani hapa mwanafunzi hatakiwi kusema. Uliza hivyohivyo, kijinga.

4. Malaria si jibu la kila homa. Foleni ya huduma za mkoba kule ni sukari na presha, na ukiulizia kipimo cha malaria mara tatu kwa saa watakucheka, kwa haki kabisa.

5. Vua viatu mlangoni, kula kwa mkono wa kulia. Hili nyumbani kwenu mlishafundishwa.

6. Picha. Piga wali, piga treni, piga machweo. Mgonjwa mwache. Na yule wa mizani, futa leo, halafu njoo nikununulie soda.

7. Logibuku, daftari la kazi ulizofanya, isainiwe kila Ijumaa. Ukisubiri wiki ya mwisho utamkuta msimamizi yuko likizo.

8. Barua ya shukrani. Mimi niliogopa, nikakaa miezi minne ndipo nikaandika. Mwishoni nikauliza habari za yule mama. Jibu lilikuja siku ya pili: "Mama na mtoto wote wazima. Nesi anakusalimu, anasema begi limekuwa zito tena. Kila la heri na mitihani." Nilirudia kusoma nikitafuta jinsia. Hakuiandika.

Barua zenu zipo mezani kwangu, chukueni kesho kabla ya raundi kuu. Hiyo sentensi ya kesi nyingi nimeshaikata kwa kalamu nyekundu. Mahali pake andikeni mnataka kutembea na nani.