Dekha wa Wajir, aliyeanzia amani sokoni

Ndugu, umeuliza kama Kaskazini mwa Kenya amewahi kuwepo mwanamke aliyepigania amani na haki za watafutaji riziki kwa pamoja. Yupo: marehemu Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir.

Mapigano ya koo yalipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, uhasama uliingia hadi sokoni. Akina mama wa ukoo huu hawakutaka kuuziana na wa ukoo ule, na wengine walizuiwa kabisa. Mwaka 1993 Dekha na wenzake, baada ya kuzungumza harusini, wakaanza na soko hilohilo. Waliweka wasimamizi ili kila mama auze na kununua bila kubughudhiwa, na chokochoko yoyote iripotiwe mapema. Ujasiri huo nauheshimu mno, maana hawakungoja serikali. Wazee wa koo walifuata baadaye kwa Azimio la Al-Fatah, yaani makubaliano yao ya kukomesha mapigano.

Mwaka 2007 Dekha alipata Tuzo ya Right Livelihood, tuzo ya kimataifa ambayo wengi huiita "Nobel mbadala". Ajali ya barabarani ikamwondoa Julai 2011, Mungu amrehemu. Ukitaka kuchimba zaidi, anza na kamati ya amani ya Wajir ya 1995. Wilaya nyingine za Kenya ziliiga mfano wake.