Kabla hamjazima besi, sikilizeni albamu hii ya 1976

Wiki hii mmeuliza: je, midundo ya dansi ina nafasi katika muziki wa Injili? Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi ninao mmoja tu: "This Is Another Day", albamu ya mwimbaji na mtunzi wa Injili wa Marekani, Andraé Crouch, na kundi lake la The Disciples, iliyotolewa na kampuni ya Light Records ya hukohuko Marekani mwaka 1976.

Anzeni na "Perfect Peace". Jina hilo linakumbusha amani kamilifu ya Isaya 26:3, na wengi wangetarajia kinanda cha taratibu. Wanakutana na fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani Weusi: besi inarukaruka, mapigo yanakatakata, mwili hautulii. Mimi nasikia humo furaha ya mtu ambaye moyo wake umeshatulia, na sioni kwa nini furaha hiyo izuiwe kucheza. Albamu hiyohiyo ina "Soon and Very Soon", wimbo mwepesi wa kumngoja Mfalme, ambao hata mtoto anaushika akiusikia mara moja. Huo ulipokelewa na makanisa mengi. Wamethodisti wa Marekani waliuingiza katika kitabu chao cha nyimbo cha 1989, na Julai 2009 kwaya ya Crouch iliuimba wakati jeneza la Michael Jackson likiingizwa ukumbini Los Angeles. Mtunzi ni yuleyule, santuri ni ileile. Anayesema wimbo mmoja ni wa kanisa na mwingine ni wa dunia atuonyeshe mpaka umepita wapi.

Crouch alilaumiwa sana kwamba ameleta muziki wa dunia madhabahuni. Lakini tazameni alikotoka. Baba yake alikuwa mchungaji wa Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Wamarekani Weusi, ambako ngoma, matari na makofi ni sehemu ya ibada. Pacha wake, Sandra, alikwenda na tari yake hadi Motown, kampuni ya muziki wa dunia, akaipiga katika "I Want You Back" ya Jackson 5, kundi la Michael Jackson na kaka zake, mwaka 1969. Billy Preston, aliyeimba na Crouch katika kundi la ujana wao, mwaka huohuo alikuwa akipiga kinanda na The Beatles, kundi la roki la Uingereza. Kwa hiyo nani alichukua kwa nani? Nionavyo mimi, dunia ilikopa kanisani, na Crouch alikuwa akitumia mali ya nyumbani kwao.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoikubali kabisa. Besi ikimeza maneno, waumini hawapati kitu, na makanisani kwetu jambo hili hutokea mara nyingi mno. Hilo ni la fundi mitambo na mwalimu wa kwaya kulirekebisha, wala halihitaji kupiga marufuku ala yoyote. Walimu wa kwaya, wasikilizisheni vijana wenu "Perfect Peace", kisha waulizeni wamesikia maneno gani.