Kabla Hujafungua Peji Nyingine ya Biashara

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wadada wanaoanza kuuza mtandaoni ni hili: "Dada, niongeze nini?" Anauza vitenge, mwezi huu mauzo yamepoa, basi anataka aongeze pochi. Pochi zikipoa ataongeza viatu vya mtumba vya Mchikichini, na pembeni afungue darasa la mapishi la kulipia kwenye WhatsApp. Ukishika simu yake unakuta peji nne za Instagram, akaunti mbili za TikTok na magrupu hayahesabiki, na hakuna hata sehemu moja ambayo mteja akiuliza bei asubuhi anajibiwa kabla ya jua kuzama.

Jibu langu huwa ni lile lile: usiongeze, punguza. Najua ni jibu gumu kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba ya miezi sita na ada ya mtoto. Hapa mjini tumekua tukiamini kwamba mwenye michongo mingi ndiye anayetoboa, na kwa biashara ya mezani imani hiyo ina ukweli wake. Mama mwenye genge pale Tabata anaweka nyanya, mkaa, vocha na maandazi meza moja, kwa sababu mteja ni yule yule, anapita pale pale, na macho yanayolinda nyanya ndiyo yanayolinda mkaa. Mtandaoni kila bidhaa inakuja na mteja wake, maswali yake, picha zake na msambazaji wake wa kumfukuzia. Hapo hujaongeza kitu mezani, umefungua meza nyingine mtaa wa pili, na wewe ni yule yule mmoja.

Mimi nauza mapazia. Kwa kipindi kirefu niliyauza sambamba na viatu vya watoto, peji ya mapishi, na kazi ya kuwaagizia watu vitu kutoka China. Zote zilikuwa zinaingiza chochote kitu. Leo yamebaki mapazia peke yake, na maisha yanakwenda vizuri kuliko wakati ule. Nataka nieleze nilivyochagua, kwa sababu kila mtu anakwambia "jikite kwenye jambo moja" halafu hakwambii ni lipi wala unaanzaje.

Nilianza kwa kuangalia kazi iliyomo ndani ya oda moja. Chukua pazia. Mteja wa Mbezi Beach anatuma picha ya dirisha na maneno mawili: "Bei gani?" Pazia halina bei mpaka lipimwe. Unamwomba upana wa fimbo, na urefu kuanzia kwenye fimbo mpaka sakafuni. Wengi wanakuletea kipimo cha kioo, kwa hiyo unamtumia video fupi inayoonyesha futi kamba inashikiwa wapi. Kitambaa lazima kiwe na upana wa karibu mara mbili ya fimbo ili mikunjo ikae vizuri, na hilo nalo unalieleza, kwa sababu atauliza mbona dirisha ni dogo na mita ni nyingi. Rangi ya kwenye simu siyo rangi ya kitambaa, hivyo unakitoa nje kwenye mwanga wa jua na kukipiga picha upya. Analipa nusu kwa Lipa Namba. Unakwenda Kariakoo kufuata kitambaa, kinafika kwa fundi, kinakatwa, kinashonwa, kinawekwa pete, kinapigwa pasi, boda anapeleka. Mteja akiwa Mbeya, mzigo unakwenda stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, unapakiwa kwenye basi, nawe unamtumia jina la basi na namba ya simu ya kondakta, kisha unakaa macho mpaka akwambie ameupokea.

Sasa chukua kiatu cha mtoto. "Saizi 27 ipo?" "Ipo, mpendwa." Kinatoka siku hiyo hiyo. Ukiangalia juu juu, kiatu ndiyo biashara rahisi. Lakini faida ya jozi moja ni ndogo, na mguu wa mtoto hautabiriki. Kiatu kikimbana, boda anarudi nacho, anapeleka kingine, na nauli ya safari ya pili imeshakula kila ulichotarajia kubaki nacho. Ukilinganisha saa kwa saa, pazia lenye usumbufu wote ule linalipa kuliko kiatu kisicho na maneno mengi.

Ndiyo maana nakushauri uchukue daftari la kawaida na kwa mwezi mmoja uandikie kila mradi vitu viwili tu. Cha kwanza, muda ulioutumia: kujibu, kupiga picha, kufuata mzigo, kubembeleza madeni. Cha pili, pesa iliyobaki baada ya mzigo, fundi, boda, makato ya kutuma na kutoa, na bando. Gawa kilichobaki kwa muda. Usiangalie mauzo, maana mauzo yanadanganya sana. Mtu anaona milioni imepita kwenye simu anadhani ni yake. Na usiangalie wafuasi. Peji yangu ya mapishi ndiyo iliyokuwa na watu wengi na maoni mengi mazuri, na bado ilikuwa ya mwisho kwenye daftari, kwa sababu watu walifurahia kuangalia chakula lakini hawakuwa wananunua kitu.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye biashara ndogo angeijua angepumua. Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, na inatumika mpaka leo viwandani na hospitalini: wastani wa vitu vilivyo katikati ya kazi ni sawa na kasi ya kuvimaliza, mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Ilete kwa fundi. Kama anamaliza oda 3 kwa siku na zilizoko kwake ni 12, mteja wa wastani atasubiri siku 4. Zikiwa 30, atasubiri siku 10, hata kama fundi hajapunguza kasi hata kidogo. Fundi si mvivu, mteja si msumbufu. Ni wingi wa vilivyofunguliwa kwa pamoja. Hesabu hiyo hiyo inahusu miradi yako. Kila unapoanzisha kitu kipya kabla ya kumaliza vya zamani, unavirefusha vyote, na mteja wa mtandaoni hasubiri. Akikosa jibu anashuka kidogo tu na kidole chake, anakutana na muuzaji mwingine wa mapazia yale yale ya Kariakoo.

Halafu kuna kichwa chako mwenyewe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo yake inabaki kule alikotoka, na anaifanya ile ya pili chini ya uwezo wake. Aliyewahi kupiga hesabu ya mita za kitambaa huku anajibu maswali ya mtu aliyeagiza blenda China hahitaji kushawishiwa. Kitambaa kikishakatwa kifupi hakirudi dukani.

Hata kampuni kubwa zimepita njia hii. Apple ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 katika mwaka wake wa fedha wa 1997. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, aliporudi mwaka huo alifuta bidhaa nyingi, na mpango wa kompyuta ukabaki wa aina nne: ya mezani na ya kubeba kwa watu wa kawaida, ya mezani na ya kubeba kwa wataalamu. Mwaka wa fedha uliofuata walipata faida ya dola milioni 309. Yapo mambo mengine yaliyochangia, lakini kupunguza kulikuwa hatua ya mwanzo.

Najua unachotaka kuniuliza hapa, kwa sababu mama yangu mwenyewe aliniuliza: "Hiyo moja ikianguka je, mwanangu?" Ni swali la haki na silipuuzi. Nataka tu uangalie vizuri hatari yenyewe iko wapi. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takribani saa sita. Mwenye peji moja na mwenye peji tano walizimika sawa. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima, na wingi wa bidhaa haukumwokoa mtu. Kilichosaidia ni kuwa na namba za wateja zilizoandikwa nje ya mtandao, unazoweza kuzipigia au kuzitumia meseji ya kawaida. Kwa hiyo punguza bidhaa, lakini ongeza milango ya kumfikia mteja yule yule: namba yake kwenye daftari, kadi yenye namba yako ndani ya kila mzigo, jirani wa saluni anayekubali kutundika sampuli ya pazia lako. Na weka akiba. Mtu mwenye akiba ya miezi mitatu na biashara moja analala vizuri kuliko mwenye biashara nne zinazokopana zenyewe kwa zenyewe, maana hicho ndicho kinachotokea: pesa ya pazia inanunua viatu, ya viatu inalipa agizo la China, na siku ya kwenda kwa fundi huna kitu.

Kwenye kufunga ndiko wengi wanakosea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Peji haifungwi kwa kuitelekeza. Mteja anayekuta peji kimya na pesa yake imo ndani atakuita tapeli, na jina ni lako hilo hilo unalouzia mapazia. Acha kwanza kupokea oda mpya. Maliza zilizopo zote. Rudisha pesa za ambazo huwezi kumaliza, pamoja na gharama ya kutolea, usimkate mtu wa watu. Uza mzigo uliobaki kwa jumla hata kwa faida ndogo, kwa sababu stoo iliyojaa itakurudisha tu kwenye biashara uliyoiacha. Kisha andika tangazo la wazi, lipandishe juu ya peji, useme umefunga na waende kwa nani. Viatu nilimwachia mdogo wangu wa kwa mama mdogo, ambaye alikuwa ananisaidia kupakia mizigo na anaijua kazi. Tulikaa chini, tukakubaliana mzigo uliopo anaulipa kidogo kidogo, na wateja nikawatangazia mimi mwenyewe kwa jina lake. Leo anaendesha vizuri kuliko nilivyoendesha mimi, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo kazi, siyo kitu cha nne baada ya saa tatu usiku.

Kazi ya China iliuma zaidi, nakiri, kwa sababu ilikuwa inaleta pesa kubwa kwa mkupuo. Lakini pesa kubwa ya watu ikiwa mikononi mwako, na mzigo uko baharini, usingizi haupo. Daftari lilisema niipe nafasi, mwili ulisema hapana. Niliusikiliza mwili. Hesabu ni muhimu, ila usiifanye ikuamulie kila kitu.

Na kama umeajiriwa na unauza pembeni, basi wewe ndiyo kabisa: ajira ni mradi wa kwanza. Unabakiwa na nafasi ya kimoja tu, na kiwe kile ambacho mteja wake anaweza kusubiri mpaka utoke kazini na kuvuka foleni ya Ubungo. Usiuze keki za siku hiyo hiyo kama bosi wako hakuruhusu kushika simu.

Mawazo mapya hayataacha kuja, na sikwambii uyazime. Mimi nina kurasa za nyuma za lile daftari kwa ajili hiyo. Wazo likija naliandika na tarehe, nalifunga, narudi kulisoma mwezi ukiisha. Mengi yanakuwa yamepoa yenyewe. Linaloendelea kuniita naliuliza: mteja wangu wa mapazia analitaka? Fundi wangu analiweza? Kitambaa chake kinapatikana kule kule ninakonunua? Kwa sasa limebaki moja lililojibu ndiyo mara zote tatu, foronya za makochi, kwa sababu karibu kila anayechukua pazia la sebuleni anaulizia. Nimemwambia fundi aajiri msaidizi kwanza. Msaidizi akishazoea kukata mapazia bila kusimamiwa, na wateja waliopo wanapata mizigo yao kwa siku tulizoahidi, tutashona seti moja ya majaribio, tuone.