Pampu ya joto la ardhini: nafuu ya kodi si pesa mkononi

Wiki hii msomaji mmoja aliyeko Marekani ameniandikia kwa uchungu. Alisaini mkataba wa pampu ya joto la ardhini, yaani mtambo unaopasha nyumba kwa joto linalovutwa kutoka ardhini, mwaka 2025 na akalipa sehemu kubwa mwaka huohuo, lakini mashimo yakachimbwa na mtambo ukawashwa 2026. Anauliza kama ile nafuu ya kodi ya serikali kuu, asilimia 30 ya gharama, bado ni yake. Ndugu yangu, hapana. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliifuta kwa gharama zote za baada ya Desemba 31, 2025, na gharama huhesabiwa siku kazi ya kufunga mtambo inapokamilika, si siku uliyolipa. Imeniuma. Anayeuza mitambo hii kila siku hawezi kusema hakuijua tarehe hiyo.

Mimi nilifunga wangu 2023. Muuzaji wa kwanza aliyekuja nyumbani aliandika bei kwenye karatasi, akakata asilimia 30 palepale, akakizungushia duara kilichobaki: "Hii ndiyo bei yako." Nikamuuliza, je, kama kodi ninayodaiwa mwaka huu haifikii kiasi hicho? Akacheka, akamgeukia mke wangu na kuendelea naye kana kwamba mimi sipo. Kicheko kile sijakisahau. Nilimwonyesha mlango.

Nafuu ile haikuwa hundi. Ilipunguza kodi ya mapato unayodaiwa, na ikiizidi, hurudishiwi kilichozidi. Kinasogezwa mwaka unaofuata. Mimi niliimaliza kwa miaka miwili, kupitia Fomu 5695, ile ya kudaia nafuu hiyo, na kwa kuwa nililijua hilo mapema, mkopo niliupanga kwa bei kamili. Najivunia hilo, na sioni haya kulisema.

Mtambo wenyewe sina la kuulalamikia. Kule chini joto la ardhi halibadiliki sana mwaka mzima. Maji yenye dawa ya kuzuia kuganda huzunguka kwenye mabomba na kulichukua, kisha pampu hulipandisha. Kwa uniti moja ya umeme unapata kama uniti 3 hadi 4 za joto. Asubuhi ya theluji huwa nashika mabomba mawili pale ukutani. Linalotoka ardhini ni la baridi, linalorudi ni la baridi zaidi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayopasha nyumba nzima.

Tusikubali kupangiwa maisha na wauzaji. Nafuu za baadhi ya majimbo na makampuni ya umeme bado zipo. Kama utakayopewa inakatwa kwenye kodi, chukua hesabu zako za kodi hiyo za mwaka jana utazame ulidaiwa kodi kiasi gani mwaka mzima, si kiasi ulichorudishiwa. Dai tarehe ya kukamilisha kazi iwekwe kwenye mkataba, pamoja na fidia ikipita. Mkandarasi asiyetaka kuiandika, mwache aende zake.

Nawe uliyeniandikia, usome upya mkataba wako. Kama waliahidi kwa maandishi kumaliza kabla ya Desemba 31, upeleke kwa mwanasheria wiki hiihii.