Sheria moja kwanza: kuhusu kubuni kwa pamoja ulimwengu wa mchezo wa maandishi

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza jinsi kundi la marafiki watano linavyoweza kubuni ulimwengu wa ajabu, wenye sayansi na uchawi ndani yake, kwa ajili ya mchezo wa maandishi, yaani ule ambamo mchezaji husoma maelezo na kuandika anachotaka kufanya, unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, bila kila mmoja kuvutia upande wake. Umesema pia kwamba tayari mna majoka, roketi, majini na mji wa chini ya bahari, lakini vitu hivyo bado havijashikamana. Mimi ni mmoja wa wajenzi wa mchezo wa namna hiyo kwa Kiswahili, na ushauri wangu ni kwamba muiweke kando orodha ya viumbe, mkubaliane juu ya sheria moja tu ya maumbile ambayo haipo katika dunia yetu, kisha muifuate kila inakowapeleka, hata pale inapowanyima jambo mlilolipenda.

Sheria yetu ni kwamba katika kisiwa chetu uzito wa vitu hujaa na kupwa kama bahari. Wengi wetu tulikulia Tanga na Mombasa, na mwenzetu mmoja anaishi Maskati, kwa hiyo hatukuhitaji kuelezana kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, wala kwamba bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kuliko kwa siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Tuliuhamisha mwendo huo kutoka kwenye maji na kuutia kwenye uzito. Uzito unapojaa, watu hutembea wakiburuta miguu na ngazi za mbao hulia; unapopwa, masufuria huinuka kutoka mafigani, na siku za bamvua hata mbuzi hufungwa nanga.

Aliyetusaidia zaidi ni mwenzetu wa Bukoba, kwa sababu Ziwa Viktoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, na yeye aliuliza yale ambayo sisi watu wa pwani tuliyapita bila kuyatazama. Aliuliza mvua inanyeshaje uzito ukiwa umepwa, na jibu likawa kwamba matone huteremka taratibu kiasi cha watu kuyachota hewani kwa kata. Kisha akauliza sokoni samaki hupimwaje. Swali hilo ndilo lililotupatia sehemu kubwa ya mchezo. Mizani ya vitanga hulinganisha kitu na jiwe la kupimia, na kwa kuwa vyote viwili hupungukiwa uzito kwa kiwango kilekile, jibu lake halibadiliki. Mizani ya springi hupima nguvu inayomvuta samaki, kwa hiyo samaki yuleyule anaweza kuonyesha kilo mbili asubuhi na nusu kilo adhuhuri. Mwenye mizani ya springi hununua uzito ukiwa umepwa na kuuza ukiwa umejaa. Kutokana na ukweli huo, ambao hufundishwa katika fizikia ya sekondari, tulipata chama cha wapima vitanga, walanguzi wa springi, kadhi anayesikiliza mashauri uzito ukiwa umejaa tu ili pasiwe na mtu wa kuelea akatoka barazani, na mzozo ambao wachezaji wenyewe wameuendeleza mbali kuliko tulivyotarajia. Hakuna mjenzi aliyekaa akabuni siasa za kisiwa. Zilitoka zenyewe kwenye mizani.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani kwamba ulimwengu wa kuchekesha na kushangaza hupatikana kwa kurundika maajabu, hali maajabu yasiyo na asili moja humchosha msomaji upesi sana. Kinachomfurahisha ni kuona kwamba ajabu moja imechukuliwa kwa uzito wake wote, na kwamba akifikiri kwa makini anaweza kubashiri ajabu ya pili kabla hajaonyeshwa. Mwenzetu mmoja alileta zulia la kuruka. Hatukumkatalia; tulimwuliza zulia lina uhusiano gani na sheria yetu. Alirudi na zulia zito, lililofumwa kwa nyuzi zilizolowekwa katika uzito wa bamvua, ambalo wenye nyumba hulitandika ukumbini ili wageni wasipande darini katikati ya chakula. Zulia hilo sasa lina wafumaji, wezi na bei inayopanda kila mwezi unapokaribia kuandama, na ni bora mara nyingi kuliko lile la kwanza.

Suala la nani aruhusiwe kujenga lina historia ndefu ambayo inafaa kuijua. Mchezo wa kwanza wa aina hii, ulioitwa MUD (kifupi cha Multi-User Dungeon), ulianzishwa na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, kisha Richard Bartle akauendeleza. Humo mchezaji alizuru ulimwengu ulioandikwa na wengine. Mwaka 1989 James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitoa TinyMUD, ambamo wachezaji wenyewe waliweza kuongeza vyumba, na ulimwengu ukatanuka pande zote hadi ulipofungwa mwaka uliofuata. LambdaMOO, ambayo Pavel Curtis aliianzisha mwaka 1990 akiwa katika maabara ya Xerox PARC huko California, nayo iliwaruhusu wachezaji kujenga, lakini kitovu chake kilikuwa nyumba moja iliyoelezwa kwa makini, na baadaye nafasi ya kujenga ikagawiwa kwa kiasi kupitia bodi ya wachezaji. Naamini njia hiyo ya mwisho ndiyo inayowafaa watu watano: mahali pamoja padogo palipoandikwa vizuri, mlango ulio wazi, na watu wanaosoma kila nyongeza kabla haijaunganishwa na kisiwa.

Sisi tuna daftari la pamoja lenye sehemu tatu. Ya kwanza ni sheria, na haizidi ukurasa mmoja. Ya pili ni mambo yanayojulikana na kila mkazi wa kisiwa, kama majina ya mitaa na nyakati za soko. Ya tatu ni uvumi, na hiyo ndiyo nono. Wajenzi wawili walipotofautiana kuhusu kwa nini uzito hupwa, mmoja akisema kuna mtambo wa kale chini ya mwamba na mwingine akisema kuna jini anayevuta pumzi usingizini, hatukupiga kura. Tuliyaandika maelezo yote mawili katika sehemu ya uvumi, tukampa fundi wa bandarini la kwanza na mganga wa mjini la pili, na kila mmoja ana ushahidi wake ambao mchezaji anaweza kwenda kuukagua. Tumekatazana kabisa kuufunga mjadala huo. Aidha, kila anayeongeza mahali papya analazimika kutumia angalau kitu kimoja kilichobuniwa na mwenzake, na kuacha kitu kimoja bila maelezo ili mwingine akichukue. Masharti haya mawili yametuunganisha kuliko mkutano wowote.

Kuhusu uandishi wenyewe, maelezo ya chumba yawe mafupi, na kila nomino inayotajwa iweze kuchunguzwa na mchezaji. Msimwambie anahisi nini. Hiki ni chumba chetu kimoja kama kinavyoonekana uzito ukiwa umepwa:

«Ukumbi wa Vitanga. Dari imejaa alama za visigino. Mizani kubwa ya shaba inaning'inia katikati. Kitanga kimoja kina jiwe, kingine kina barua ambayo haijafunguliwa. Karani amejifunga kitini kwa ukumbuu, naye anakuomba ushike kitu kabla hujaanza kusema.»

Uzito ukijaa, chumba hichohicho husomeka kwa namna nyingine, na mlango ulio darini haufikiki tena. Tunatumia Evennia, programu huria ya kutengenezea michezo ya aina hii, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, ambayo ina nyongeza ya vyumba vinavyobadilisha maelezo yake kulingana na saa na majira, pamoja na saa ya mchezo inayoweza kuendeshwa kwa kasi tofauti na saa ya kawaida. Sisi tumeiharakisha ili anayeingia jioni baada ya kazi aone uzito ukijaa na kupwa kabla hajatoka. Mchezo hufunguka pia kwenye kivinjari cha simu, na kwa kuwa ni maandishi matupu, haumalizi bando la mtu.

Ugumu mkubwa utawapata kwenye lugha, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Programu hizi zimezoea Kiingereza, na hata kifaa cha Evennia cha kunyambulisha vitenzi kimeundwa kwa ajili ya lugha hiyo. Kwetu sentensi moja ya tukio haiwezi kutumika kwa vitu vyote: kikombe kimeelea, taa imeelea, ufunguo umeelea, mawe yameelea, mbuzi ameelea. Programu haiwezi kubahatisha kwa kutazama umbo la neno, maana maneno taa na mbuzi yote mawili hayabadiliki umbo katika umoja na wingi, lakini mbuzi ni kiumbe hai na taa siyo. Kwa hiyo kila kitu katika mchezo wetu kina sifa inayohifadhi ngeli yake na nyingine inayohifadhi wingi wake, na ujumbe wote huundwa kwa kuzisoma sifa hizo.

Kazi hiyo, ambayo mwanzoni tuliiona kama ya kiufundi tu, ndiyo iliyotuletea uchawi ulio bora kuliko wote kisiwani. Siku moja mjenzi wa mtaa wa bandari aliuliza pampu kongwe ya maji, ambayo huzungumza na kukumbuka majina ya watu, iwekwe katika ngeli gani. Tulijadiliana sana, kisha tukaamua kwamba mashine huanza ikiwa kitu, na inapotendewa utu na wakazi wa kutosha, ngeli yake hubadilika. Hatukuwatangazia wachezaji. Waliingia jioni moja wakasoma «Pampu amesinzia», pale ambapo siku zote ilikuwa «Pampu imesinzia», na mara moja wakaanza kuulizana ni nani aliyemfanyia nini. Tangu hapo kuna watu wanaowasalimia cherehani na jenereta, na kadhi amepokea shauri la kwanza la mashine inayodai mshahara. Mchezo wa lugha nyingine ungelazimika kutafuta njia yake yenyewe ya kulionyesha jambo hilo. Sisi herufi moja ilitosha.

Basi kama mtaandika kwa Kiswahili, wekeni ngeli kuwa sifa inayoweza kubadilishwa tangu kitu cha kwanza mtakachokiumba, kabla ya ramani na kabla ya majoka, kwa sababu kurudi nyuma na kuipachika katika mamia ya vitu vilivyokwisha kuandikwa ni kazi ya kuchosha ambayo hakuna mjenzi wa kujitolea atakayeipenda.